Heaviside, Mtu wa Waya

Sisi wa Kidahwe, simu ikianza kukwaruza wakati unaongea na ndugu yako aliyeko Dar, lawama zote ni kwa mtandao. Sasa kuna mzee mmoja aliumiza kichwa juu ya jambo hilohilo zaidi ya miaka 130 iliyopita, na ugunduzi wake haukumpa utajiri wowote. Anaitwa Oliver Heaviside.

Alizaliwa London mwaka 1850. Utotoni aliugua homa iliyomwachia masikio mazito, na akiwa na miaka 16 akaacha shule. Mimi nasoma ualimu, kwa hiyo hapo huwa nasimama kidogo: kwenye madaftari yetu huyo angeandikwa mtoro, basi. Kumbe alikuwa anajisomea mwenyewe. Akapata kazi ya telegrafu, akaiacha mwaka 1874, akarudi kukaa kwa wazazi wake. Hakuajiriwa tena maisha yake yote.

Tatizo lililomshika ni hili. Sauti ni mchanganyiko wa mawimbi mengi. Ukiyapitisha kwenye waya mrefu, mengine huchoka mapema na mengine hutangulia. Ni kama mabasi matatu yaliyoondoka Kigoma pamoja: Kasulu yanafika yamepishana, na abiria wa msafara mmoja hawaonani tena. Ndivyo neno linavyofika limevurugika. Waya una tabia ya kuupinga umeme unapobadilika, na wakubwa wa wakati ule waliiona tabia hiyo kuwa adui. Mwaka 1887 Heaviside alionyesha kwa hesabu kwamba ni kinyume: iongeze kwa kipimo, na mawimbi yote yatakwenda kwa kasi moja na kupungua kwa kiasi kimoja.

William Preece, bingwa wa umeme wa Posta ya Uingereza, alimkatalia katakata. Kusema kweli, cheo kilishinda hesabu. Mwaka 1900 Michael Pupin akapata hataza Marekani ya kufunga koili kila baada ya umbali fulani wa waya, kampuni ya simu ikainunua, akatajirika. Heaviside hakuwa amesajili wazo lake hilo.

Mkongo wa Taifa unapitisha mwanga ndani ya nyuzi za kioo, lakini ugonjwa ni wa ukoo uleule: rangi za mwanga haziendi kasi moja, kwa hiyo mapigo yanatanuka na kuingiliana. Dawa mojawapo ni kuunga kipande cha uzi wenye tabia ya kinyume, ili waliochelewa wawafikie waliotangulia. Siku hizi hata kompyuta ya upande wa kupokea hufanya kazi hiyo kwa hesabu.

Na babu zetu waliokuwa wakinasa redio za mbali usiku? Tabaka la angani linalorudisha mawimbi hayo chini, yeye alilitabiri mwaka 1902.

Uzeeni aliishi peke yake Torquay, maskini na mkali kwa majirani. Alifariki mwaka 1925 baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi, akazikwa Paignton pamoja na wazazi wake.