Franz Kafka na Kesi Isiyo na Shtaka

Msomaji aliyelelewa na visa vya Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla amezoea jambo moja: hata fumbo likitatiza vipi, hatimaye mpelelezi atalifumbua na kila mtu atajua nani alitenda nini. Franz Kafka aliandika riwaya ya taharuki ambayo fumbo lake halifumbuliwi kamwe. Katika Der Prozess, yaani Kesi, Josef K., afisa wa cheo katika benki, anakamatwa asubuhi ya siku anayotimiza miaka 30. Haambiwi kosa lake, wala hazuiwi kwenda kazini. Mwaka mzima anaiandama mahakama iliyojibanza katika vyumba vya darini vya nyumba za makabwela, na kila anayekutana naye, awe wakili, mchoraji au kasisi, anaonekana kujua jambo asilolijua yeye. Je, kuna njama dhidi yake, au ni nafsi yake inayomsakama? Yamkini tutaelewa zaidi tukitazama mwandishi mwenyewe aliipata wapi hofu hiyo.

Kafka alizaliwa tarehe 3 Julai 1883 mjini Prague, wakati huo ukiwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Alikuwa Myahudi aliyeandika kwa Kijerumani katika mji ambao wakazi wake wengi walizungumza Kicheki. Babake, Hermann, mfanyabiashara mwenye kifua na sauti, alimtisha hata utuuzimani; mnamo 1919 Kafka alimwandikia barua ndefu ya malalamiko ambayo haikumfikia. Alisomea sheria, akapata shahada ya udaktari mwaka wa 1906.

Hapa ndipo wasomaji wengi huteleza. Aghalabu humchora Kafka kama mnyonge aliyepondwa na urasimu, ilhali alikuwa miongoni mwa waliouendesha. Tangu 1908 hadi alipostaafu kwa sababu ya ugonjwa mwaka wa 1922, aliajiriwa na taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague. Alivipanga viwanda katika madaraja ya hatari, akazijibu rufaa za waajiri walioyapinga madaraja hayo, akaandika ripoti juu ya mashine za kuranda mbao zilizokata vidole vya watu na juu ya usalama katika machimbo ya mawe. Wakubwa wake walimthamini na kumpandisha cheo. Alijua jinsi faili inavyosafiri kutoka meza hadi meza mpaka mwenye shida akasahaulika. Mahakama ya Josef K. basi haikubuniwa na mtu aliyesimama nje ya mlango, bali na aliyeketi nyuma ya meza. Na si ajabu kwamba K. anauawa katika machimbo ya mawe.

Shtaka lenyewe lilitoka kwingine. Mnamo 1912 Kafka alikutana na Felice Bauer wa Berlin, na mapenzi yao yakakua zaidi kwa barua. Walichumbiana rasmi mwezi wa Juni 1914. Tarehe 12 Julai, katika hoteli moja mjini Berlin, Felice alimkabili mbele ya dadake na mbele ya Grete Bloch, rafiki ambaye Kafka alikuwa amemwandikia barua za siri za moyo wake. Uchumba ukavunjika. Katika shajara yake alikifananisha kikao hicho na mahakama. Alikuwa ametimiza miaka 31 siku tisa tu zilizotangulia.

Mwezi uliofuata, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa vimezuka, alianza kuiandika riwaya hiyo. Wataalamu waliochunguza muswada wanaona kwamba sura ya kukamatwa na ile ya kuuawa ziliandikwa mwanzoni, kisha Kafka akahangaika na sehemu ya katikati hadi Januari 1915 alipoiacha. Hukumu, kwa hiyo, ilitangulia kesi! Kwa maoni yangu hii ndiyo siri ya taharuki yake. Hatukai tukijiuliza iwapo K. ataokoka, tunamtazama akijigeuza polepole kuwa mshtakiwa. Katika sura ya mwisho, polisi anapowakaribia, ni K. mwenyewe anayewavuta wauaji wake wapite haraka.

Kafka aligundulika kuwa na kifua kikuu mwaka wa 1917, akafariki tarehe 3 Juni 1924 huko Kierling, karibu na Vienna, akiwa na umri wa miaka 40. Alikuwa amemwagiza rafikiye Max Brod ayateketeze maandishi yake yasiyochapishwa. Brod alikaidi, akaichapisha riwaya mwaka wa 1925. Mnamo Machi 1939, Wanazi walipoivamia Prague, alitoroka na miswada hiyo hadi Palestina. Dada watatu wa Kafka hawakutoroka. Wote waliangamia mikononi mwa Wanazi.

Muswada wa Der Prozess uliuzwa kwa mnada mjini London mwaka wa 1988 kwa pauni milioni moja, nao umehifadhiwa Marbach, Ujerumani. Kafka aliziacha sura zake katika mafungu yaliyotengana, bila nambari. Mpangilio tulioupokea ni wa Brod, na wahakiki wangali wanauzozania.