Aliyeuona mtetemo hakuuona usahaulifu

Wapo watu ambao majina yao hutajwa kila siku vinywani mwa matabibu na wagonjwa, ilhali maisha yao hayajulikani. Mmoja wao ni James Parkinson. Ndugu msomaji, huenda ukadhani jina hilo ni la mdudu fulani aletaye ugonjwa wa kutetemeka. Sivyo. Ni jina la mtu, na maisha yake yana funzo kwetu.

Parkinson alizaliwa tarehe 11 Aprili 1755 huko Hoxton, London, akiwa mwana wa tabibu. Alirithi kazi ya babake na kuifanya mtaani humo humo. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Aliandika vijitabu vya kuwatetea wanyonge akitumia jina la Old Hubert, na mwaka wa 1794 alihojiwa na Baraza la Mfalme kuhusu njama iliyodaiwa ya kumuua Mfalme George wa Tatu kwa mshale wa sumu. Baadaye aliandika majuzuu 3 kuhusu visukuku, na mwaka wa 1807 akawa miongoni mwa waasisi wa Chama cha Jiolojia cha London.

Lakini kilichomdumishia jina ni kijitabu cha mwaka wa 1817. Humo alieleza habari za watu 6 tu, baadhi yao wakiwa wapita njia aliowaona barabarani. Aliandika juu ya mkono utetemekao ukiwa umetulia, mgongo uliopinda, na hatua zinazogeuka mbio bila hiari ya mwenyewe. Wengine waliwapita watu hao. Yeye aliwatazama, akatambua kwamba maradhi yao ni mamoja. Alifariki tarehe 21 Desemba 1824. Miongo kadhaa baadaye, Jean-Martin Charcot wa Paris ndiye aliyeupa ugonjwa huo jina la Parkinson.

Mgala muue na haki yake umpe. Haki yake tumempa. Sasa tulitaje kosa lake. Parkinson aliamini kwamba akili ya mgonjwa hubaki salama. Leo ni dhahiri kwamba si daima. Wagonjwa wengi huona shida kukumbuka, kupanga shughuli na kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, na baadhi hatimaye hushindwa kujitegemea kwa sababu ya usahaulifu.

Ndipo yakabuniwa mazoezi ya akili. Mgonjwa hupewa, kwa karatasi au kwa kompyuta, kazi za kukumbuka maneno, kupanga mambo kwa mfuatano na kukaza makini. Je, yanafaa? Mwaka wa 2020 watafiti wa shirika la Cochrane walichunguza majaribio 7 yenye washiriki 225 ambao akili zao zilikuwa zimeanza kudhoofika. Hawakupata ushahidi thabiti kwamba mazoezi hayo huimarisha akili kwa jumla, ila washiriki walikuwa wachache mno kukata shauri. Basi anayeyauza kama tiba apotosha, na anayeyabeza ana pupa.

Nionavyo mimi, kasoro yetu kubwa si kukosa kompyuta. Tunampeleka mgonjwa kliniki kwa sababu ya mkono wake. Akisahau, tunasema ni uzee. Akikawia kujibu, tunamjibia. Usahaulifu hauna budi kuelezwa kwa daktari sawa na mtetemo, maana wakati mwingine chanzo chake ni dawa au huzuni, na hayo yana namna ya kurekebishwa. Nyumbani naye apewe muda wa kumaliza usemi wake. Aliyezoea kucheza bao asinyang'anywe kete, na aliyeshika hesabu za duka asaidiwe kuzishika, asipokonywe daftari.

Parkinson alitazama mwili wa mgonjwa pale wengine walipopita. Sisi tuliokuja baada yake tunadaiwa kuitazama na akili yake.