Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Elimu Zote Mbili

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu wasomaji, Kwa Vonza leo ni mahali pa chuo kikuu, na kijana wa Kiislamu anayekuja kusoma huku, mbali na madrasa ya kwao, hukutana na swali la zamani: je, elimu ya dunia itampunguzia imani yake? Wapo wanaoiogopa elimu hiyo, na wapo waliokwisha kuiweka dini kando wakidhani shahada inatosha. Makundi yote mawili yangefaidika kwa kuyajua maisha ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika nyumba ya elimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni mkubwa, lakini alifariki mwaka 1894 na kumwacha mwanawe yatima mdogo. Akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Kisha akavuka bahari kwenda Unguja, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdalla Bakathir, wanavyuoni waliosifika pwani nzima.

Aliyesoma kwa mabingwa kama hao angeweza kutosheka na alichopata. Yeye hakutosheka. Alisoma jarida la Al-Manar, lililotolewa Misri na Rashid Rida, na humo akazijua fikra za Sheikh Muhammad Abduh. Akayakinisha kwamba unyonge wa Waislamu haukutokana na dini yao, bali na kuiacha elimu na kufuata mambo kwa mazoea tu.

Elimu hiyo hakuifungia sandukuni. Mwaka 1930 alianza kutoa Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, gazeti la Kiswahili na Kiarabu. Wakati ule wanavyuoni wengi waliandika kwa Kiarabu, na mtu wa kawaida hakupata kitu. Yeye alimwandikia mtu huyo kwa lugha yake mwenyewe. Makala za Sahifa baadae zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Katika maandishi yake hakuwaambia wazazi wazikimbie skuli, wala hakuwaambia wazikubali kama zilivyo. Alishikilia kwamba mtoto asome ilimu za kazi na za zama zake, na pamoja nazo asome dini na Kiarabu, ili asiwe msomi asiyejijua. Aliwahimiza watu wasomeshe wasichana pia. Aliwalaumu waliomwaga mali katika harusi na matanga, kisha mkono ukawa mzito walipotakiwa kusaidia masomo. Na aliwakemea walioiga mavazi na starehe za Wazungu, wakaacha bidii yao, umoja wao na ustadi wao, ambavyo ndivyo vilivyostahiki kuigwa.

Maneno hayo hayakuwapendeza wote, khasa waliozoea mambo ambayo yeye aliyaita bidaa. Hata hivyo hakunyamaza. Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho mpaka alipofariki mwaka 1947. Ukadhi haukumzuia kusomesha. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu. Aliianza pia kazi ya kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili, na mauti yakamkuta hajaimaliza. Mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, alikuwa profesa aliyejulikana duniani kote.

Basi, ndugu zangu, mtu huyu alikuwa kadhi, mwalimu na mwandishi, na hakuona aibu kuendelea kujifunza. Imani yake haikuogopa kitabu. Mwanafunzi wa kilimo au wa hesabu aliyeko Kwa Vonza asidhani kwamba anapofungua kitabu chake anaipa dini mgongo, wala asidhani kwamba siku ya kupewa shahada ndiyo mwisho wa kusoma. Na kila anachokijua, akirudi kwao, awafundishe wasiojua kwa lugha wanayoifahamu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, na atuzidishie sote elimu yenye manufaa. Amin.