E. W. Davis: Aliyegeuza Mwamba Mgumu Kuwa Vidonge vya Chuma

Jembe la mkononi, bati la nyumba, nondo za daraja: vyote huanzia kwenye mawe. Wengi wetu tunadhani kwamba jiwe lenye chuma likishachimbwa hutupwa tanuruni likayeyuka, basi. Lakini migodi mingi ya leo haifanyi hivyo. Jiwe husagwa kwanza likawa unga, kisha unga hufinyangwa kuwa vidonge vya mviringo, ukubwa wake kama gololi za watoto, ndipo vipelekwe kuyeyushwa.

Leo tunakuletea maisha ya mtu aliyehangaikia vidonge hivyo kwa takriban miaka 40. Jina lake ni Edward Wilson Davis, wa Marekani.

Mwalimu wa hesabu

Davis alizaliwa mwaka 1888 katika jimbo la Indiana. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Purdue, akahitimu mwaka 1911. Muda mfupi baadaye alikwenda jimbo la Minnesota, kaskazini mwa nchi, kufundisha hesabu katika shule ya madini ya chuo kikuu cha huko.

Wakati huo Minnesota ilikuwa tajiri wa chuma. Katika safu ya vilima iitwayo Mesabi, madini yalikuwa laini na yenye chuma kingi, yakichotwa kwa mashine na kupakiwa kwenye treni moja kwa moja. Pembeni mwa madini hayo kulikuwa na mwamba mgumu sana uitwao takoniti. Kati ya kila kilo 100 za takoniti, chuma hakikuzidi sana kilo 25 hadi 30. Wachimbaji waliuona kama uchafu tu.

Davis alitumwa kuuchunguza mwamba huo mnamo mwaka 1913. Aliona jambo moja la msingi: chuma kilichomo ndani yake kinashikwa na sumaku. Kwa hiyo, ukiusaga mwamba mpaka uwe unga mwembamba, ukaupitisha kwenye maji yenye sumaku, chuma kitabaki na mchanga utakwenda zake. Alitengeneza hata kifaa cha bomba la kioo na sumaku cha kupimia sampuli. Kifaa hicho bado kinatumika maabara na kinaitwa kwa jina lake, bomba la Davis.

Kushindwa mara ya kwanza

Mwaka 1922 kampuni moja ilifungua kiwanda cha takoniti katika mji wa Babbitt kwa kufuata utafiti huo. Kiwanda hakikudumu. Mwamba ulikuwa mgumu kuuchimba na kuusaga, na bei ya madini ya kawaida ilikuwa ndogo. Ilipofika mwaka 1924 kilifungwa. Nani angenunua chuma cha gharama wakati kile cha kuchota kipo?

Wengi walikata tamaa. Davis alirudi kwenye kituo cha utafiti cha chuo, ambacho baadaye alikuwa mkurugenzi wake, akaendelea.

Kwa nini vidonge?

Hapa tusimame kidogo tueleze. Ndani ya tanuru la kuyeyushia chuma, madini hupangwa pamoja na makaa ya koki na chokaa, na hewa ya moto hupulizwa kutoka chini. Ni lazima hewa hiyo ipate nafasi ya kupanda. Ukimwaga unga mtupu, unaziba njia ya hewa, na mwingine unapeperuka na kutokea juu pamoja na moshi. Sumaku ilimpa Davis unga mzuri, lakini unga huo haukufaa tanuruni.

Dawa ilipatikana kwenye pipa linalozunguka. Anayechekecha unga wenye unyevunyevu ameona jinsi unavyojikusanya kuwa vijidonge. Ndivyo inavyofanyika: unga wa chuma hutiwa maji kidogo na udongo unaonata uitwao bentoniti, huzungushwa mpaka ujiviringe, kisha vidonge huchomwa kwenye joto la nyuzi 1,300 hivi za Selsiasi ili viwe vigumu, visivunjike melini wala tanuruni. Davis hakuwa wa kwanza kuwaza hivyo, maana Msweden A. G. Andersson alipata hataza ya wazo la namna hiyo mwaka 1912. Kazi ya Davis na wenzake ilikuwa kulitoa wazo hilo maabara na kulifikisha kiwandani.

Kodi nayo ilikuwa kikwazo, kwa sababu madini yalitozwa kodi hata yakiwa bado ardhini. Davis aliwafuata wabunge wa jimbo, na mwaka 1941 sheria ikabadilishwa ili takoniti itozwe kodi ikishazalishwa.

Kisha Vita Kuu ya Pili ikala madini mazuri ya Mesabi kwa kasi. Kilichoitwa uchafu sasa kikawa tumaini. Kampuni ya Reserve Mining ilijenga kiwanda kikubwa Silver Bay, kando ya Ziwa Superior, na mwaka 1956 meli ya kwanza ikaondoka na vidonge. Kiwanda kilipewa jina la Davis. Vidonge vilikuwa na chuma cha asilimia 65 hivi, na vyenye ukubwa unaolingana. Wenye matanuru waligundua kwamba vinatoa chuma kingi zaidi kwa siku kuliko madini ya kawaida. Miji ya wachimbaji iliyokuwa inangoja kufa ikapata kazi.

Deni la ziwa

Lakini kuna upande wa pili. Takriban tani 3 za mwamba hutoa tani 1 tu ya vidonge. Zinazobaki ziende wapi? Silver Bay zilimwagwa ziwani, mpaka kufikia tani 67,000 hivi kwa siku. Ziwa Superior ndilo ziwa la maji baridi lenye eneo kubwa kuliko yote duniani, likifuatiwa na Ziwa Victoria letu. Davis alikuwa miongoni mwa wataalamu walioamini kwamba mabaki yangezama kilindini na kutulia huko.

Hayakutulia yote. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba maji ya kunywa ya mji wa Duluth yana nyuzinyuzi zinazofanana na asbesto. Mwaka huohuo Davis alifariki dunia, kesi ikiwa mahakamani. Mwezi Aprili 1974 jaji aliamuru kiwanda kifungwe. Baada ya siku 2 mahakama ya rufaa ikaruhusu kazi iendelee. Ni mwaka 1980 ndipo mabaki yalipoacha kumwagwa ziwani na kupelekwa nchi kavu.

Kwetu Tanzania, madini ya Liganga wilayani Ludewa nayo yana chuma kinachoshikwa na sumaku, ingawa kimechanganyika na titani na vanadi. Maisha ya Davis yanatuachia funzo mara mbili. Jiwe linalodharauliwa linaweza kulisha miji mizima, akipatikana wa kulisubiri. Na mgodi ukija kijijini, tukishauliza ajira ni ngapi, tuulize pia mabaki yatamwagwa wapi, na maji yale tunakunywa nani.