Maliza Dozi

Soma: Luka 9:23, Waebrania 12:1-2



Nilipougua kifua kikuu hapa Garissa, nilipewa dawa za miezi sita. Kufika mwezi wa pili kikohozi kiliisha, nikaanza kula vizuri, mwili ukarudi. Nikajiambia, mimi nimepona. Nikaanza kuruka siku moja, halafu wiki nzima. Mama mmoja wa kanisa aliponiuliza kama bado nameza dawa, nilimdanganya. Ugonjwa ulirudi kwa nguvu, ikabidi nianze upya.

Nikiwa kitandani ndipo nilipofikiria sana maisha ya Annalena Tonelli, ambaye wazee wa Wajir wanamkumbuka mpaka leo. Vijana wetu wengi hawakuwa wamezaliwa alipokufa, kwa hiyo wacha niwasimulie.

Annalena alizaliwa mwaka wa 1943 huko Forlì, Italia. Alisomea sheria, na angeweza kukaa kwao akaishi kwa raha. Lakini tangu ujana wake aliamua kumfuata Kristo kwa kuwatumikia maskini. Alianzia mji wake mwenyewe, miaka sita. Mwaka wa 1969 akaja Kenya, akafundisha kwanza upande wa Nyeri, kisha akashika njia ya kaskazini hadi Wajir. Hakuwa mtawa, na hakuwa na mshahara wa umishonari. Alikuwa Mkatoliki, muumini wa kawaida tu.

Wajir alikuta kifua kikuu kinamaliza wafugaji. Mgonjwa alionewa aibu, hata watu wake wangemtenga. Dawa zilikuwepo, lakini tiba ilichukua zaidi ya mwaka. Mtu akipata nafuu kidogo anafuata ngamia wake, na ugonjwa unamrudia huko malishoni. Mnajua nilivyojiona hapo!

Mwaka wa 1976 akaanzisha mpango wa manyatta. Wagonjwa walijenga vibanda vyao karibu na kituo, wakakaa hapo miezi sita, na kila mmoja alimeza dawa mbele ya macho ya mtu. Hakuna aliyeachwa ajisimamie peke yake. Watu walipona, na njia kama hiyo ya kumsimamia mgonjwa ikaja kutumika katika nchi nyingi.

Kisha ikaja Februari 1984. Wanaume wa Degodia walikusanywa na wanajeshi kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na mamia wakauawa. Annalena alitoka kwenda kuokota miili na kutafuta waliokuwa bado wanapumua. Alisaidia pia habari zitoke nje. Hilo lilimfanya asitakiwe, na baadaye ilibidi aondoke Kenya.

Hapo angeweza kusema, Bwana, nimefanya sehemu yangu. Badala yake alivuka mpaka akaingia Somalia, akaendelea na kazi ileile wakati wa vita na njaa. Mwishowe alifika Borama, akajenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Tarehe 5 Oktoba 2003, jioni, alipigwa risasi palepale hospitalini. Tangu aje Afrika ilikuwa imepita miaka 34.

Wengine wataniuliza kwa nini nasimulia habari za mtu asiye wa kanisa letu. Ni kwa sababu sisi tunajua sana kuanza. Tunainua mkono mkutanoni, tunalia, tunabatizwa, tunashuhudia. Mwezi wa pili tunajisikia tuko sawa, maombi tunaruka, ibada tunaruka, na yule tuliyegombana naye hatumsamehi. Kuokoka kulichukua dakika chache. Kumfuata Yesu kunachukua maisha yote.

Na hapa kwetu kuna gharama. Tulizika watu wetu baada ya makanisa kushambuliwa Julai 2012. Tuliwalilia watu 148 waliouawa Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015. Wengi walihama, na siwalaumu hata kidogo. Mimi mwenyewe nina fomu ya uhamisho ndani ya droo, na bado ninaiombea. Lakini nimeacha kumwuliza Mungu kama nitakaa au nitaondoka tu. Namwuliza pia: popote nitakapokuwa, nitaendelea kuwa mwanafunzi wako, au nitakuwa nimetoroka dozi?

Wapendwa, wiki hii fanya jambo moja. Tafuta ndugu mmoja katika kikundi chako cha nyumbani, umpe ruhusa akuulize unaendeleaje na Bwana. Akikuuliza, usimdanganye. Mimi nimemrudia yule mama, nikaomba msamaha. Sasa ananiuliza kila Jumatano.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyeanza kazi njema ndani yetu, usituache njiani. Tupe neema ya kumaliza. Amina.