Erle Stanley Gardner: Bondia, Wakili na Mtunzi wa Perry Mason

Ndugu Mhariri alinitaka niandike juu ya mtu mashuhuri aliyenivuta kuingia katika kazi ya uwakili. Nadhani alitarajia nimtaje jaji fulani. Sivyo. Aliyenivuta ni Mmarekani mmoja aliyefariki mwaka 1970, ambaye nilimkuta katika rafu ya chini kabisa ya maktaba yetu, vitabu vyake vikiwa havina majalada, na kurasa za mwisho zimechanwa na mahasidi waliotaka tusimjue muuaji. Wenzangu wa enzi zile watakumbuka jinsi Perry Mason alivyokuwa akisomwa kwa tochi chini ya blanketi baada ya taa kuzimwa.

Erle Stanley Gardner alizaliwa tarehe 17 Julai 1889 katika mji wa Malden, jimbo la Massachusetts. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia magharibi, hata wakafika Oroville, mji wa wachimba dhahabu kaskazini mwa California. Huko kijana alipenda ngumi kuliko kitabu. Alipigana kwa malipo, tena akaandaa mapambano yasiyo na kibali, mpaka mwanasheria mmoja wa serikali akamtishia kumshtaki. Kijana akaanza kupekua sheria ili ajue kama kweli anaweza kufungwa. Wanafunzi mliopo sasa msinielewe vibaya, lakini ndivyo alivyoionja sheria kwa mara ya kwanza.

Alimaliza sekondari Palo Alto mwaka 1909, akaenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Valparaiso, Indiana. Hakudumu hata muhula mmoja. Ngumi zilimponza tena, akaondoka. Alirudi California, akafanya kazi katika ofisi za mawakili huku akijisomea mwenyewe, na mwaka 1911 akafaulu mtihani wa uwakili akiwa na umri wa miaka 21 tu.

Alifanya kazi katika mji wa Oxnard, baadaye Ventura, na wateja wake wengi walikuwa watu wasiokuwa na mtetezi: Wachina na Wameksiko ambao wakubwa wa miji ile waliwaona kama takataka. Wasimulizi wa maisha yake hawaachi kukieleza kisa cha Wachina wa Oxnard. Polisi walikuwa wamejiandaa kuwakamata wenye maduka kwa kosa la kuchezesha kamari. Gardner akapata habari mapema, akawahamisha watu, huyu akae dukani kwa yule na yule kwa huyu. Askari walipofika wakamkamata kila mmoja kwa jina la mwenziwe, na mashtaka yakaporomoka. Sisemi kwamba ningeshauri wakili kijana afanye hivyo leo. Lakini nakiri nilipokisoma nilicheka peke yangu.

Uwakili haukumtosheleza, wala haukumpa fedha za kutosha. Kuanzia miaka ya 1920 alikuwa mahakamani mchana, na usiku anapiga taipu kwa vidole viwili, akiyaandikia hadithi yale magazeti ya bei rahisi yaliyolipa kwa idadi ya maneno. Alijiwekea lengo la maneno 1,200,000 kwa mwaka. Mwenyewe alikuwa akitania kwamba mashujaa wake humpata adui kwa risasi ya mwisho tu, kwa kuwa kila mlio wa bunduki ni neno, na kila neno lina senti zake. Baadaye aliiacha taipu, akawa anasema na makarani wanaandika. Mwaka 1933 kilitoka kitabu cha kwanza cha Perry Mason, The Case of the Velvet Claws, na kabla hajafa alikuwa ameandika zaidi ya 80 vya wakili huyo, mbali na vile alivyotoa kwa jina la bandia la A. A. Fair.

Je, ni vitabu bora? Kwa uandishi peke yake, hapana. Watu wake hawana vivuli. Paul Drake na Della Street hawazeeki, na yule mwendesha mashtaka maskini, Hamilton Burger, hushindwa karibu kila mara, jambo ambalo sijaliona katika mahakama yoyote niliyosimama. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyetufikia mwaka 1960 katika Mzimu wa Watu wa Kale, ana utu zaidi na anavuta kiko chake kama mtu unayemjua. Gardner alikuwa na jambo moja tu, lakini alilijua barabara: jinsi ushahidi unavyopimwa. Nani aliona nini, akiwa wapi, saa ngapi.

Jambo hilo ndilo lililomtoa katika riwaya na kumrudisha kwa watu wa kweli. Mnamo miaka ya 1940 aliombwa kutazama kesi ya mtu aliyeitwa William Lindley, kibarua wa mashamba, aliyehukumiwa kifo huko California kwa kumuua msichana. Gardner alichukua kumbukumbu zilezile za kesi, akapanga mwendo wa kila mtu, dakika kwa dakika, na akaonyesha kwamba kwa ushahidi wa mashtaka wenyewe, Lindley asingeweza kuwa pale alipokuwa muuaji. Hukumu ya kifo ilisimamishwa, kisha ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Kutokana na hayo, mwaka 1948, pamoja na mchapishaji Harry Steeger wa gazeti la Argosy, aliunda kundi lililoitwa Court of Last Resort. Haikuwa mahakama hasa. Walikuwa mabingwa, akiwamo daktari wa uchunguzi wa vifo LeMoyne Snyder na mpelelezi Raymond Schindler, waliojitolea kuchunguza upya kesi za wafungwa maskini waliodai wamefungwa bure. Kitabu alichoandika juu ya kazi hiyo kilitoka 1952 na kikapata tuzo ya Edgar.

Hapo ndipo kitabu kiliponishika mkono. Nilikisoma nikiwa wakili wa mwaka wa pili, na nilipofika kwenye habari za Lindley nilikifunga, nikakaa kimya.

Wa darasa letu wanajua ninachotaka kusema. Siku moja ya Jumamosi saa ya mkono ya mwanafunzi mmoja ilipotea bwenini. Baraza la viranja, nami nikiwamo, lilikaa wiki tatu baadaye, baada ya likizo fupi. Shahidi mmoja alisema alimwona golikipa wetu akitoka bwenini kengele ya saa kumi ilipolia. Golikipa akasema wakati huo alikuwa golini. Tukamjibu kwamba mchezo huanza saa kumi na nusu siku zote. Akafukuzwa shule. Lakini Jumamosi ile wageni walikuwa wakiwahi lori lao kabla ya mvua, na mpira ulianza saa tisa na nusu. Niliyeandika saa hiyo katika daftari la michezo ni mimi, kwa mkono wangu. Daftari lilikuwa ndani ya sanduku langu, hatua chache kutoka pale tulipokaa, na sikulifungua.

Gardner alifariki tarehe 11 Machi 1970 katika shamba lake huko Temecula, California. Miaka michache kabla ya hapo, televisheni ya Marekani ilipofunga michezo ya Perry Mason mwaka 1966, alionekana katika onyesho la mwisho akiwa amekaa kiti cha hakimu. Nafikiri kiti cha wakili kingemfaa zaidi.

Daftari lile ninalo mpaka leo. Siku ya mkutano wetu nitakuja nalo na kuliweka mezani, ukurasa ukiwa wazi. Golikipa huyo alidaka miaka miwili, na wenzake wanamjua bila mimi kumtaja. Nimemtafuta bila kumpata. Anayejua alipo amfikishie habari hii, na amwambie nauli yake ya kuja na kurudi iko kwangu.