Georg Ohm: mtoto wa fundi kufuli ambaye jina lake liko kwenye spika yako

Msikilizaji, geuza spika ya gari utazame nyuma, kwenye sumaku. Mara nyingi utakuta namba, 4 au 8, na pembeni yake neno Ohm au alama Ω. Hilo ni jina la mtu, na leo ni kipimo tunachokiita omu.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi kufuli aliyejifundisha hesabu mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe nyumbani. Georg alipoingia chuo kikuu alinogewa na dansi na biliadi. Baba alikasirika, na kijana akaenda Uswisi kufundisha hesabu. Baadaye alirudi, akapata udaktari mwaka 1811.

Mwaka 1817 alianza kufundisha Cologne, kwenye shule yenye maabara nzuri. Huko alipitisha umeme kwenye nyaya fupi na ndefu, akipima. Mwaka 1827 alitoa kitabu chenye kanuni yake: volti zikibaki zilezile, ukipunguza ukinzani kwa nusu, mkondo wa umeme unaongezeka mara mbili. Alitegemea uprofesa, lakini kitabu kilipuuzwa. Akaacha kazi, akaishi miaka kadhaa kwa ualimu mdogomdogo.

Heshima ilichelewa. Royal Society ya London ilimpa medali mwaka 1841. Alipopata uprofesa wa fizikia Munich mwaka 1852, alibakiwa na miaka miwili tu. Alifariki tarehe 6 Julai 1854.

Kanuni yake ndiyo inayookoa redio ya kiwandani iliyomo kwenye Land Rover au Peugeot 504 ya zamani, iwe imeletwa kwa fundi hapa Hamugembe au iko kijijini kwako. Redio iliyotengenezewa spika ya omu 8, ukiifungia ya omu 4, inasukuma karibu mara mbili ya mkondo. Inapata moto, na transista zake zinaweza kuungua. Kupata nyingine ya aina hiyo ni kazi.

Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2. Zikiungwa kwa kufuatana huwa omu 8. Namba ikiwa imefutika, pima kwa mita: spika ya omu 4 husoma pungufu kidogo, kama 3 na nusu. Mwambie fundi apime kwanza, ndipo afunge.